Tenki la sola linavuja: utengeneze au ununue jipya? Mwongozo kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Tenki la maji moto la sola likianza kuvuja juu ya paa, wengi wetu huku Kusini tunakimbilia kuuliza jipya linauzwa shilingi ngapi. Swali hilo lisubiri. Kinachoamua kama utatoa hela ndogo au hela ya kuumiza ni mahali maji yanapotokea, na fundi hawezi kukuambia hilo akiwa amesimama sebuleni akitazama doa kwenye dari. Apande juu. Ukiweza, panda naye.

Pandeni asubuhi, jua halijakolea. Kama tenki lina elementi ya umeme, zimeni kwenye swichi kuu kwanza. Futeni kila kiungio kwa kitambaa kikavu, kisha mzungushie karatasi ya chooni kwenye viungio, valvu na shingo ya kila mrija. Baada ya robo saa karatasi itakayokuwa imelowa ndiyo inayokupa jibu. Zikibaki kavu zote huku maji yakichuruzika kwenye mshono wa bati la nje au kwenye tundu la chini, basi tenki la ndani limetoboka. Msipoteze muda kutafuta tobo pale maji yanapodondokea, maana kati ya tenki la ndani na bati la nje kuna sponji ya njano ya kuhifadhi joto. Maji hupenya humo na kwenda kutokea hata upande wa pili.

Kuna kutona kusikohitaji fundi. Maji yakipata joto hutanuka: lita 200 zikitoka nyuzi 25 hadi nyuzi 80 huongezeka kwa lita 5 hivi, na hizo lazima zipate pa kutokea. Kwenye tenki la presha, yaani lililofungwa kabisa na kusukumwa na presha ya bomba, valvu ya usalama ikitona mchana wa jua kali na kukauka usiku, inafanya kazi yake. Ikitona usiku na mchana, huenda imeshika ukoko wa chokaa au presha ya bomba imezidi. Badilisha valvu au punguza presha. Usikubali kamwe fundi aizibe kwa plagi, kwa sababu tenki la presha lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka na kuua mtu.

Hizi ndizo njia zilizopo, kwa mpangilio ambao mimi ningezifuata.

1. Kutengeneza raba, kiungio au valvu

Kama tenki la ndani ni zima, usishawishike kununua jipya. Kwenye sola za mirija ya kioo, mara nyingi kinachochoka ni raba ya silikoni inayoshika shingo ya mrija. Kabla ya kuagiza, pima kipenyo cha mrija wenyewe. Mirija iliyozoeleka ni ya milimita 58 na ya milimita 47, na raba ya moja haikai kwenye nyingine. Vipuri vingi vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, kwa hiyo ukikosea kipimo unalipa nauli ya mzigo mara mbili. Agiza raba za mirija yote kwa pamoja, maana zimechoka kwa jua lile lile. Angalia pia kitako cha kila mrija: kikiwa na rangi ya fedha mrija ni mzima, kikigeuka cheupe hewa imeingia na mrija huo haupashi tena maji vizuri.

Kujaza maji upya ni kazi ya jioni au alfajiri tu. Mirija iliyokaa tupu juani ikipokea maji baridi saa saba mchana hupasuka.

Kwenye tenki la presha la chuma lenye enameli ndani (utando mgumu kama kioo unaokinga kutu), gasketi ya elementi ikivuja, itumie nafasi hiyo kumwambia fundi atoe na anodi uione kwa macho yako. Hii ni fimbo ya magnesi inayowekwa ili kutu iile yenyewe na kuliacha tenki. Fimbo mpya ni nene na laini mkononi. Iliyokwisha ni waya mwembamba wa chuma wenye vipande vyeupe vinavyomomonyoka ukivigusa. Ukikuta waya mtupu, tenki limeshakuwa likilika bila kinga. Weka anodi mpya, lakini anza kuweka akiba ya tenki. Kwa maji yetu ningeikagua kila mwaka, kwa sababu maji yenye chumvi huimaliza upesi.

2. Kubadilisha tenki peke yake

Tenki la ndani limetoboka, lakini mirija au paneli bado nzima na stendi haijaliwa na kutu? Nunua tenki tu. Sharti lake ni vipimo kukubaliana: idadi ya matundu ya mirija, kipenyo, na nafasi kati ya tundu na tundu. Piga picha kibandiko cha tenki la zamani, pima kwa futi kamba, mtumie muuzaji kabla hujalipa. Muuzaji anayekwambia "yote yanaingiliana" bila kuuliza kipimo, muache.

Hapa ndipo pa kuwa mkali kuhusu chuma. Matenki mengi ya bei nafuu yana stenlesi ya daraja la 304 ndani, tena nyembamba, kwenye nusu milimita hivi. Kwa maji matamu inatosha. Maji yenye kloridi, yaani ya chumvi, hasa yakiwa moto, huichimba vitobo vidogo vidogo, na hivyo ndivyo matenki mengi ya pwani yanavyokufa. Stenlesi ya 316 imechanganywa na metali iitwayo molibdenamu na huvumilia chumvi zaidi. Ni ghali zaidi, lakini kwa nyumba ya Shangani, Mikindani au ufukweni Lindi inayotumia maji ya kisima chenye ladha ya chumvi, mimi ningelipa tofauti hiyo. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa zote mbili kwa kawaida hazivutwi. Dai daraja liandikwe kwenye risiti.

Ganda la nje nalo liangalie. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi juu ya paa, na bati la chuma lililopakwa rangi huanza kuchubuka kwenye mikunjo. Ganda la aluminiamu linadumu zaidi. Nati na boliti ziwe za stenlesi.

3. Kununua seti nzima

Mirija kadhaa imekufa, stendi imeoza na tenki limetoboka: usilipe vipande vipande. Lita 40 hadi 50 kwa mtu zinatosha, hivyo familia ya watu wanne au watano ichukue ya lita 200. Ikijaa inapita kilo 200 bila stendi. Fundi seremala akague mbao za paa kwanza, hasa kama dari limekuwa likilowa. Paneli zitazame kaskazini, kwani sisi tuko kusini ya Ikweta. Stendi ifungwe kwenye mbao za kenchi, isiishie kwenye bati. Tahadhari za kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024 zimeshatuonyesha kwamba upepo mkali si jambo la kufikirika huku kwetu.

Kama maji yenu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, chagua mfumo ambao maji ya kuoga hayapiti ndani ya paneli. Mmoja ni wa mirija yenye vijiti vya shaba ndani, ambao una faida nyingine: mrija mmoja ukivunjika, maji hayamwagiki. Mwingine ni wa paneli bapa zenye mzunguko wake wa ndani uliofungwa. Wauzaji huunadi huu kwa ajili ya nchi zenye barafu. Sisi hatuna barafu, ila tuna chokaa, na inaziba mabomba membamba ya paneli vilevile.

4. Kuachana na sola, ukafunga hita ya umeme bafuni

Kwa mtu mmoja au wawili wanaotaka maji moto wakati wa kipupwe tu, hili ni wazo zuri, na ni nafuu kununua. Kwa familia fanya hesabu. Hita ya kilowati 4.5 ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.75. Watu wanne kila siku ni uniti 3, mwezi unafika 90. Kama uko kwenye tarifa ya D1 ya TANESCO, ile ya wateja wa nyumbani wanaotumia umeme kidogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, utakivuka, na uniti zinazozidi zitakugharimu zaidi. Hita iwe na waya wake mnene na sakiti breka yake, na nyumba iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Bila hilo usiifunge.

5. Kuchomelea au kupaka gundi tenki lililotoboka

Naiweka mwisho na sioni sababu ya kuipandisha. Bati la nusu milimita lililokwisha kuliwa halishiki kuchomelewa, na moto wenyewe unadhoofisha pembeni ambapo tobo jingine litaanzia. Kwenye tenki la enameli, moto unapasua enameli ya ndani. Ili kulifikia tobo, fundi atakata ganda na kung'oa sponji, kwa hiyo hata likiziba, maji hayatalala na joto. Gundi inaweza kukuvusha siku chache wakati tenki jipya liko njiani, basi.

Utakaponunua, chukua risiti ya EFD na usome karatasi ya waranti papo hapo dukani. Tafuta sehemu inayotaja maji ya chumvi, maji ya kisima au kubadilisha anodi. Waranti nyingi hufa hapo. Kama unatumia kisima, mwambie muuzaji hivyo kabla ya kulipa, na aandike kwa mkono wake kwamba anajua.