Simu ya kukoroga: mpelekee fundi saa

Kama una simu ya kukoroga, ile ya zamani ya kuzungusha kisahani chenye matundu ya namba, imelala kabatini na unataka ifanye kazi, usiipeleke kwa fundi simu. Ipeleke kwa fundi saa. Yangu nilimpelekea mzee mmoja mwenye kimeza cha kioo kwenye baraza za Kariakoo, anayetengeneza saa za ukutani na za mkononi, na kwa upande wa kisahani cha namba sina neno naye. Kwa mengine ninalo.

Simu yenyewe ni ile nyeusi ya Mwingereza, modeli 332, mwili wa bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), chini ina kidroo chembamba cha kuwekea orodha ya namba. Baba mdogo aliipata ofisini kwao walipokuwa wanatupa samani za zamani, ikakaa juu ya kabati ikila vumbi. Nilipoichukua, ukizungusha 9 kisahani kilirudi hadi katikati kikaganda, mpaka ukisukume kwa kidole. Fundi simu wa kwanza, simtaji, hakufungua hata skrubu moja. Alichukua kopo la mafuta ya kupuliza akaingiza mrija kwenye tundu la 5, fyuuu, akaniambia tayari. Kweli hakikuganda tena. Kikawa kinarudi mbio kama kimefukuzwa.

Sasa hapo ndipo wengi wanapoumizwa. Kisahani kinaporudi, kinakata na kuunga umeme wa laini: 3 ni mikato mitatu, 0 ni mikato kumi, na mwendo wake ni mikato 10 kwa sekunde. Mitambo ya kituo cha simu ilitengenezwa kuhesabu kwa mwendo huo. Ukienda mbio au ukijikokota sana, namba inaingia siyo. Kinachoshika mwendo ni kidude kidogo ndani, spidi gavana kabisa, ndugu wa ile ya mabasi ya mikoani: vyuma viwili vinazunguka, vikizidi kasi vinatanuka na kusugua ukuta wa kikombe cha chuma, mwendo unapungua. Yaani breki yake ni msuguano. Ukipuliza mafuta pale, umeua breki.

Mzee aliliona hilo kabla sijamaliza kueleza. Alibana kile kioo chake jichoni, akazungusha mara moja, akauliza, “Nani kamwaga mafuta humu, mwanangu?” Nikamwambia, Mzee wangu, si mimi. Akacheka, akaanza kufungua.

Kazi yake ilipendeza kuitazama. Alitoa kile kibati cha matundu ya vidole, akatoa pete nyeupe ya namba, hiyo akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu tu, bila dawa yoyote. Mashine ya ndani aliiosha kwa petroli kwenye kikopo, akipitisha brashi laini katikati ya meno ya gia, na uchafu uliotoka ulikuwa mweusi, mzito kama lami. Akakausha kwa kimpira chake cha kupulizia. Mafuta ya saa aliweka kwa ncha ya sindano, tone moja kila mahali ekseli inapokaa, na pale kwenye gavana hakuweka kitu. Kisha akawa anakunja vyuma vya gavana kidogo kidogo kwa koleo, anazungusha 0, anasikiliza, anakunja tena. Nyumbani nilirekodi mlio kwa simu ya mkononi nikautazama kwenye programu ya sauti: mikato kumi, sekunde moja, hakuna wa kuwahi wala wa kuchelewa. Amefanya kwa sikio!

Lawama zangu. Kwanza ni “kesho”. Kesho ya mzee huyu inazaa kesho nyingine, kwa hiyo kama unaishi Mbezi au Kigamboni mpigie kabla hujapanda gari. Pili, waya. Simu ilikuwa na waya wa zamani wenye nyuzi za pamba za kahawia zilizosukwa, mzima ila umechakaa mwishoni. Alipaswa kukata pale palipochakaa na kuunga upya. Badala yake akafunga waya mweupe wa plastiki bila kuniuliza, na ule wa pamba hakujua umeishia wapi. Iliniuma, na bado inaniuma kila nikiitazama.

Tatu, mwili wa simu usimpe. Alitaka kuupiga msasa. Bakelaiti ina ngozi inayong'aa juu, na chini yake kuna unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Ukishakwangua ngozi, mng'ao haurudi tena. Nilimkatalia, nikaenda kufanya mwenyewe: kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kukausha hapo hapo, halafu Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, kwa pamba, kwa duara ndogondogo, mpaka mkono ukachoka. Sasa unajiona usoni. Maikrofoni kwenye mkonga nayo ilikuwa inakwaruza. Ni ya chembe za kaboni na zinagandamana zikikaa. Kuigonga taratibu kwenye kiganja kulitosha.

Jambo moja wanaotumia faiba walijue: rauta nyingi haziielewi mikato ya kisahani, zinangoja milio ya vitufe. Simu yangu inapokea na kengele inalia hadi jirani anauliza, ila kupiga ilibidi niagize kidude cha kugeuza mikato kuwa milio. Hilo si kosa la fundi.

Alinitoza shilingi 40,000 baada ya kuvutana kidogo, alianzia 60,000. Kwa kisahani peke yake ningelipa tena bila kunung'unika. Ukienda, fungua kisahani umpelekee hicho tu, simu ibaki nyumbani na waya wake. Na uhesabu skrubu mbele yake kabla hujaondoka, maana zile ndogo hazipatikani dukani.