Daktari wa kuku anayerudi kuangalia kama chanjo imeshika: nyota 4, moja nimebaki nayo

Jina lake siliweki hapa, mwenyewe kaniomba, anasema akitajwa mtandaoni simu hailali na yeye ana pikipiki moja tu. Lakini wafugaji wa Utange, Kisauni mpaka kule Mwakirunge mtamjua nikisema ni yule daktari wa mifugo mwenye boksi la bluu nyuma ya pikipiki, na gambuti zake hazivai mpaka afike mlangoni kwako.

Mimi nina leya 600, kuku wa mayai. Kabla yake nilikuwa nachanja mwenyewe kama wengi wetu. Unanunua chupa agroveti ya mjini, duka la dawa za mifugo, wanakufungia na kipande cha barafu ndani ya gazeti, unapanda matatu saa saba mchana, foleni ya daraja la Nyali hiyo, ukifika nyumbani barafu imekuwa maji na gazeti limelowa, unamimina kwenye drinka, vile vyombo vyao vya kunywea maji, unasema bismillahi. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 na mimi naibeba kwenye joto la Mombasa la mwezi wa pili, halafu jioni naandika kwenye daftari "wamechanjwa" na roho imetulia kabisa.

Kundi langu la kwanza liliingiliwa na kideri (wengine mwaita mdondo, kwenye chupa imeandikwa Newcastle) kuku wakiwa na wiki 11. Kinyesi cha kijani, wanahema mdomo wazi, wengine shingo zimejipinda utadhani wanatafuta kitu mgongoni. Kwa siku nane nilizika 240 na kitu. Nilipoenda kulalamika pale dukani nikaambiwa labda ni maji yako mama. Nilirudi nimekasirika kweli. Kumbe kidogo walikuwa na haki, nitafika hapo.

Kundi la pili ndio nikamuita huyu daktari, vifaranga wana wiki 6, chanjo ya wiki ya tatu nishawapa kwa mtindo wangu uleule. Nilidhani atakuja na chupa nyingine anichanjie aende. Hakuja na chupa, alikuja na sindano ndogondogo na vijichupa vitupu. Akasema kabla sijaongeza kitu nataka kujua ulichowapa kimefika wapi. Tukashika kuku 20, si wale wa karibu na mlango peke yao, akatembea kona zote nne za banda akichukua huku na huku. Mimi nashika, yeye anafungua bawa, ananyonyoa manyoya kidogo kwa vidole, mshipa unaonekana kama uzi wa buluu chini ya ngozi, anavuta damu kidogo tu, kifaranga anarudi chini anajikung'uta anaendelea kula. Vichupa akavilaza mshazari kwenye meza yangu ya jikoni mpaka damu ikaganda na kile kimaji cha manjano kikajitenga juu, hicho ndicho kinachoenda maabara.

Majibu yalikuja karatasi moja ya Kizungu na namba 20. Sikuelewa kitu. Na hapa ndio malalamiko yangu ya kwanza: mtu umelipa, unaletewa picha ya karatasi kwenye WhatsApp bila hata maelezo ya mstari mmoja, mpaka upige simu ndio uelezwe. Alipoeleza alieleza vizuri lakini, hilo nampa. Ile namba ni kinga ya kideri iliyo kwenye damu, ikiwa juu kuku ana askari, ikiwa 1 ama 2 huyo ni kama hujampa chochote. Zangu zilikuwa 7, 7, 1, 8, 2, 1, 6... yaani banda moja lakini karibu nusu wako uchi. Akaniambia bora hata zote zingekuwa 5 kuliko hivi, kwa sababu ugonjwa ukiingia utaanza na hawa wa 1 na 2, wakishaumwa wanamwaga virusi banda zima na wale wenye kinga nao wanachoka. Nikakumbuka wale 240 na ule mwandiko wangu wa "wamechanjwa".

Sasa siku ya kurudia chanjo. Usiku wake akanipigia, mama, toa drinka saa kumi na moja alfajiri, usizitoe usiku, kwa joto hili utawaua. Saa kumi na mbili kasoro amefika. Swali la kwanza, maji ya wapi? Nikamwambia ya mfereji. Akatingisha kichwa, haya yana klorini, chanjo ni virusi hai, klorini inaviua kabla havijafika kwa kuku (haya, ile habari ya maji ya pale agroveti ndio hii sasa, ingawa na wao barafu yao ya gazeti hawakuisema). Akatia kidonge kinachoua makali ya klorini na kugeuza maji kuwa bluu, akasema ukikosa hiki unaweza kutumia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 na nusu kwa lita, ndipo akafungua chupa ya chanjo ndani ya yaleyale maji.

Ile bluu nilidhani ni mapambo. Baada ya saa moja akaniambia shika kuku, fungua mdomo. Ulimi bluu, huyu amekunywa. Mwingine, bluu. Mwingine, ulimi mweupe kama alivyozaliwa.

"Mama, huyu hakunywa."

"Atakunywa tu, maji si yapo."

"Baada ya masaa mawili chanjo imekufa. Atakunywa rangi."

Kati ya 20 tuliowashika 12 tu ndio walikuwa na bluu. Drinka zilikuwa 5 kwa kuku 600, wababe wanasimama pale wanakunywa wanashiba na wanaendelea kusimama, wadogo wanazunguka nyuma. Akaniazima zake na nikamtuma kijana mbio dukani, tukafikisha 12, tukapita pembeni polepole tunawasukuma waliojificha kwenye kona. Mara ya pili tukahesabu 19. Miaka miwili nafuga na hakuna mtu aliyewahi kuniambia niangalie ulimi wa kuku!

Wiki tatu baadaye damu tena, namba zikarudi zimekaa karibu karibu, 6, 7, 7, 6, ya chini kabisa 5. Pesa ya kipimo iliniuma mara zote mbili sitadanganya, ukipiga hesabu na usafiri wa sampuli ni bei ya magunia kadhaa ya chakula, mwenye kuku 100 haimlipi labda mjiunge wawili watatu. Lakini ile karatasi ya pili niliibandika ukutani.

Ndui ya kuku ni hivyohivyo. Hiyo haiwekwi kwenye maji, anachoma ngozi nyembamba ya bawa kwa kijisindano chenye meno mawili, na huku pwani mbu wetu munawajua, mbu ndio wanaoisambaza. Wengi wakishachoma wameaga. Yeye alirudi siku ya nane kugeuza mabawa kuangalia kama kuna kijipele pale alipochoma, pakiwa pasafi chanjo haikushika. Alipata wawili wasio na kitu akawachoma upya palepale, hakunilipisha.

Kufuatilia magonjwa alinipa chati tu ya kuandika kila siku waliokufa, chakula na maji. Nilikuwa nadharau hiyo ya maji. Mwezi wa tatu, joto ile ya kuloa shati ukiwa umekaa, maji yanatakiwa kupanda, mimi naona yamepungua siku mbili mfululizo na hakuna kuku aliyekufa. Nikampigia nikijiona mwoga. Alikuja jioni, wakati huo watatu walikuwa wamejikunyata manyoya yamesimama, akamchinja mmoja juu ya gunia akampasua nikiona. Utumbo umevimba, vile vifuko vya mwisho wake vimejaa damu. Mimi nishaanza kulia kideri kimerudi, yeye anasema hapana, hii ni koksidia, ugonjwa wa utumbo, angalia maranda chini ya drinka zako, yamelowa. Dawa yake amproliamu siku tano, maranda mapya, drinka zikapandishwa juu ya matofali. Walikufa 6. Jirani yangu wiki hiyohiyo aliona damu akakimbilia antibayotiki tatu tofauti za dukani, sitaki kusema alizika wangapi.

Haya nyota iliyobaki. Moja, ile karatasi bila maelezo, nishasema. Pili, aliahidi majibu siku 5, ya kwanza yalichukua 9, na simu alikuwa anakata. Tatu, na hii ndiyo iliyoniudhi hasa, siku moja alimtuma msaidizi wake, kijana kafika na viatu vya barabarani, namuuliza watoka wapi ananiambia kwa fulani, kuku wake wanakufa. Na anataka kuingia! Nilimsimamisha nje ya geti nikampigia mkubwa wake, kijana akarudi. Daktari aliomba radhi siku hiyohiyo na tangu hapo yule kijana anakuja na gambuti na beseni lake la dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia, lakini kama nisingeuliza?

Mkimtaka mtafuteni kupitia wafugaji wenzenu, Jumapili hapokei simu, na muulizeni bei ya maabara mbali na bei yake, maana ukisikia moja utadhani ndio yote. Mimi wangu wanakaribia kutaga, kipimo kingine cha damu ni wiki ya 18 na chanjo ya mwisho ya kideri kabla ya hapo, drinka 12 nishanunua zangu.