Spika ndogo na sabufa kwa chumba kidogo: Diamond 12.1, 3020i, LS50 Meta, na mahali zinapokutana na besi

Neno "sabufa" limezoeleka kumaanisha seti nzima: boksi moja kubwa lenye redio na sehemu ya kuchomeka flashi, rimoti, na vispika viwili vya plastiki pembeni. Hapa ni boksi la besi peke yake, lenye ampu yake ndani, linalosaidia jozi ya spika ndogo zinazoendeshwa na ampu ya stereo. Kwenye seti, vispika vya pembeni ni vidogo mno, kwa hiyo boksi kubwa hulazimika kupiga hata sauti za chini za mwimbaji, na ndiyo maana mwanamume akiimba unamsikia anatokea sakafuni. Kwenye mfumo uliopangwa vizuri sikio halijui sabufa imekaa wapi. Likijua, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi si ubovu wa sabufa bali ni pale spika zinapoikabidhi besi.

Tuanze na spika zenyewe. Wharfedale Diamond 12.1 ina wufa (koni ya besi na sauti za kati) ya milimita 130, omu 8 (ukinzani wa umeme; ukiwa mdogo, ampu hubeba mzigo mkubwa zaidi) na desibeli 88 (ukubwa wa sauti kwa nguvu ileile ya ampu). Besi yake inafika hezi 65 (mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi) ndipo inaanza kushuka. Q Acoustics 3020i inakaribiana nayo sana kwenye karatasi: wufa ya milimita 125, omu 6, desibeli 88, hezi 64. KEF LS50 Meta ni ya daraja jingine kabisa. Twita yake, yaani kispika cha sauti za juu, imekaa katikati ya koni ya wufa, kwa hiyo sauti ya juu na ya kati zinatoka mahali pamoja, na mwimbaji anasimama mbele yako bila kuyumba hata ukihama kiti. Lakini ina desibeli 85 tu, omu 8 zake hushuka hadi 3.5, na besi yake inaishia hezi 79. Yaani iliyo ghali kuliko wenzake ndiyo yenye besi fupi zaidi. Hiyo si kasoro; ni spika inayodai sabufa waziwazi.

Desibeli 3 pungufu maana yake ampu itoe nguvu mara mbili ili sauti ilingane. Kwa ampu ya kawaida ya wati 40 hadi 60, Diamond 12.1 ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu ni mzigo mwepesi na haichoshi masikio mtu akisikiliza saa tatu mfululizo. LS50 Meta inunuliwe na mwenye ampu inayomudu omu 4 bila kuchemka.

Jambo moja la kuangalia dukani: spika nyingi ndogo huongezewa kidogo besi ya juu, kwenye hezi 100 na zaidi, ili zionekane nzito kuliko zilivyo. Hila hiyo ni ya zamani. Hata LS3/5A, ile spika ndogo iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970, ilikuwa nayo. Spika ikiwa peke yake inapendeza. Ukiiwekea sabufa, uvimbe ule unakutana na besi halisi na sauti inakuwa kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Kwa hiyo ukijua mapema kwamba sabufa itakuja, chagua spika inayosikika kavu kidogo dukani.

Kwa nini spika hizi zisijitegemee? Waya mnene kabisa wa gitaa la besi lenye waya nne hutoa hezi 41. Ufunguo wa chini kabisa wa piano ni hezi 27.5. Ili sauti ibaki na nguvu ileile, kila masafa (idadi ya hezi) yanaposhuka kwa nusu, koni lazima itembee mara nne zaidi. Koni ya milimita 130 ina eneo la takriban sentimita za mraba 90 na inaweza kutembea milimita chache tu. Ikilazimishwa kupiga hezi 40 kwa nguvu, haipotezi besi peke yake: inachafua hata sauti ya mwimbaji, kwa sababu ni koni hiyohiyo inayobeba vyote viwili. Sabufa ya inchi 12 ina eneo la zaidi ya mara tano ya hilo.

Kwa chumba kidogo tunazitazama sabufa mbili, REL T/5x na SVS SB-1000 Pro. Zote zina boksi lililozibwa, lisilo na tundu la hewa, na kwa chumba kidogo hilo ndilo sharti letu la kwanza. Boksi lenye tundu hupiga kwa nguvu mpaka masafa ya tundu lake, kisha linaporomoka kwa desibeli 24 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Lililozibwa linashuka taratibu, desibeli 12, na chumba kidogo chenyewe huinua besi ya chini kabisa, hivyo viwili hivyo vinafidiana. Tundu pia hupuliza hewa kwa kishindo likizidiwa, na ukiwa umekaa mita mbili tu utasikia.

T/5x ina koni ya inchi 8 inayotazama sakafu na ampu ya wati 125. SB-1000 Pro ina inchi 12, wati 325, na inarekebishwa kwa programu ya simu. Usizipime wati hizi dhidi ya namba za PMPO, yaani wati za kilele za matangazo, zilizobandikwa kwenye seti za bei rahisi. Hizo hazina kipimo kinachokubalika; soma RMS tu, yaani wati za mfululizo. Uamuzi wetu unategemea chumba. Kama chumba kinavuma kwenye noti moja, SVS inashinda, kwa sababu programu yake inakuruhusu kuipunguza noti hiyo peke yake. Kama ampu ni ya zamani na haina tundu la Sub Out (la kupeleka besi kwenye sabufa), REL inashinda kwa urahisi wake wa kuunganishwa.

Urahisi huo uko hivi. T/5x huja na waya mrefu wenye plagi ya Speakon (plagi ya duara ya kufunga kwa kuzungusha) upande mmoja na nyaya tatu wazi upande wa pili. Zima kila kitu. Nyaya hizi zinafungwa kwenye skrubu zilezile za spika nyuma ya ampu: nyekundu kwenye chanya ya kulia, njano kwenye chanya ya kushoto, nyeusi kwenye hasi ya upande wowote. Sabufa haili nguvu ya ampu, inasikiliza tu. Tahadhari iko kwenye waya mweusi. Ampu nyingi za kisasa zinazopata joto kidogo zina hasi ambayo yenyewe inabeba mawimbi, na ukifunga mweusi hapo unaweza kuiunguza ampu. Kwa hizo mweusi hufungwa kwenye bodi ya chuma ya ampu. Soma kitabu chake kabla ya kugusa bisibisi.

Kwa njia hii spika zinaendelea kupiga besi yote zinayoiweza, na sabufa inaingia chini yake. Kwa 3020i au Diamond 12.1, weka krosova ya sabufa (mpaka ambapo spika zinaikabidhi besi) kwenye hezi 50 hadi 60, si 80, la sivyo besi itapigwa mara mbili. Njia ya pili ni ampu inayogawa yenyewe, kama WiiM Amp, ambayo hupeleka besi kwenye Sub Out na kuizuia isiende kwenye spika. Hapo weka 80. Tunaipenda zaidi njia hii kwa spika ndogo, hasa LS50 Meta, maana koni zinapumzika na sauti ya kati inasafika papo hapo. Usipande juu ya 100. Kuanzia hapo sikio linaanza kutambua besi inatoka upande gani.

Sasa mahali pa kuiweka, na hapa usifanye haraka. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake kwenye hezi 43 hivi; upana wa mita 3 unaleta 57. Kwenye masafa hayo kuna sehemu za chumba besi inajaa na sehemu inapotea kabisa. Iweke sabufa juu ya kiti unachokalia kusikiliza, piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti kwa noti, kisha tembea kwa magoti kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Pale noti zote zinaposikika kwa nguvu sawa, ndipo sabufa ikae. Kona hutoa besi nyingi zaidi lakini mara nyingi ndiyo yenye mvumo mbaya. Kusogeza sentimita 30 kunatosha kubadilisha kila kitu.

Ikishakaa, geuza swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa koni ya sabufa, mbele au nyuma) kati ya 0 na 180 huku mtu mwingine ameketi kwenye kiti. Iache pale besi inaposikika nene zaidi kwenye eneo la krosova, maana upande wa pili sabufa na spika zinasukumana na kufutana. Halafu rudisha sauti ya sabufa sifuri, ipandishe polepole mpaka uisikie, kisha ishushe kidogo. Hakikisho zuri ni kuizima katikati ya wimbo: muziki unapaswa kunywea, lakini kabla ya kuizima usiwe uliiona ikijitangaza. Mwenye subira anaweza kununua maikrofoni ya UMIK-1 na kutumia Room EQ Wizard, programu ya bure, akaona mvumo kwenye grafu badala ya kubahatisha.

Matatizo yanayojirudia ni machache. Ngurumo ya mfululizo hata muziki ukiwa umezimwa mara nyingi hutokana na ampu na sabufa kuchukua umeme kwenye soketi mbili tofauti. Ziweke kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ardhi. Sabufa inayolala katikati ya muziki wa sauti ndogo haijaharibika, ila mawimbi ya muziki yanayoifikia ni dhaifu kuliko kiwango cha kuiamsha: iondoe kwenye Auto uiweke On, au ongeza kiwango cha Sub Out kwenye ampu na upunguze nobu ya sabufa. Mtetemo mkavu kwenye noti moja kwa kawaida ni mlango wa kabati au kioo. Kishike kwa mkono ukiwa unasikiliza, mtetemo utanyamaza. Na kama besi ni nyembamba ajabu huku mwimbaji akionekana hana mahali maalumu, kagua nyuma ya spika. Chanya na hasi zikibadilishana kwenye spika moja tu, koni moja inasonga mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na hakuna nobu ya sabufa itakayoponya hilo.