Oili ya IST na Probox: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha dukani

Kubadili kampuni ya oili hakutaliongezea gari lako nguvu. Mwaga oili halisi ya kampuni moja, weka halisi ya kampuni nyingine yenye namba zilezile, hutasikia tofauti. Kinachosikika barabarani ni uzito wa oili na uchakavu wake. Hapa nazungumzia injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyojaa mitaani ndani ya IST, Probox na Spacio.

Ya kwanza kwangu ni 5W-30 sintetiki (namba hizo ni uzito wa oili: zikiwa ndogo, oili ni nyepesi) yenye daraja la ubora la API SN au SP. Injini hii ina VVT-i, na mfumo huo hutumia presha ya oili kupanga muda wa valvu, kwa hiyo unataka oili nyepesi inayowahi kupanda juu. Asubuhi utasikia injini inatulia mapema. Petroli utaokoa kidogo, si kiasi cha kumsimulia jirani. Injini inabeba takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta, hivyo chukua kidumu cha lita 4; kitakachobaki ni cha kuongezea.

Mfuko ukikaza, 5W-30 au 10W-30 ya kawaida inatosha kabisa, ila imwage kila kilomita 5,000. Oili ya bei nafuu inayomwagwa kwa wakati naiweka juu ya sintetiki iliyosahauliwa humo mwaka mzima.

Ya tatu ni 10W-40, kwa injini iliyoanza kula oili kidogo.

Halafu 20W-50, kipenzi cha mafundi wengi. Utaambiwa, “Bosi, Dar joto, weka nzito.” Lakini injini ikishapata moto wake, thamostati huiweka karibu na nyuzi 90, uwe Kariakoo au Njombe. Uzito huo unaifanya injini ambayo bado ni nzima iwe nzito kuchangamka na inywe petroli zaidi. Kwenye injini iliyochoka hupunguza makelele, na mwenye gari anadhani imepona. Kama gari linatoa moshi wa bluu na bado unatafuta hela ya kufungua injini, itumie bila aibu. Vinginevyo, hapana.

Usinunue kabisa oili yenye API SF, hata kidumu kiwe kizuri namna gani: daraja hilo ni la injini za 1988 kurudi nyuma. Wala ile ya kupimiwa kwenye chupa.

Kabla ya kulipa, kagua lakiri ya mfuniko, na kidumu kifunguliwe mbele yako. Kikiisha, kitoboe ndipo ukitupe. Kidumu kizima chenye lebo safi ndicho wanachokitafuta wajazaji wa oili feki.