Ghala la Mpunga Igurusi: Linamfaa Zaidi Anayeweza Kusubiri

Huduma ya kuhifadhi mpunga inayotolewa na ghala moja la binafsi pale Igurusi, wilayani Mbarali, inastahili sifa katika mambo ambayo wakulima wa Usangu wameyalalamikia kwa miaka mingi. Mzigo hupimwa kwa mizani mbele ya mwenyewe, hivyo lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo, haina nafasi. Kila gunia huchomwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, na mpunga wenye unyevu unaozidi asilimia 14 hurudishwa kuanikwa upya. Magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, nami sikuona dalili ya panya. Mwenye mzigo hupewa stakabadhi, ambayo kwayo anaweza kukopeshwa sehemu ya thamani ya mpunga wake huku akingoja bei ipande, mlango uliofunguliwa na Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005.

Kasoro yake ni kubwa. Ghala halipokei chini ya magunia 20, na ada ya miezi mitatu hulipwa kwanza. Anayevuna magunia saba, mwenye deni la pembejeo na ada ya shule, hana budi kumuuzia mchuuzi papo hapo shambani, na si ajabu mchuuzi huyo ndiye anayeuleta mpunga uleule ghalani.

Hasara haiishii kwenye bei. Msimu unaofuata mkulima huyo hana fedha ya kukodi pawatila, yaani trekta dogo la kusukuma kwa mkono, wala ya kununua urea. Ifikapo Januari huenda kupandikiza kwa kibarua katika majaruba ya jirani ili nyumbani wapate chakula, huku miche yake ikizeeka kitaluni. Miche iliyozeeka huchipua kidogo na kuzaa kidogo, hata kama mbegu ni ile bora ya SARO 5 na maji ya mfereji yapo. Wachumi Oded Galor na Joseph Zeira, ingawa wao walizungumzia gharama za elimu, walieleza mwaka 1993 kwamba pale mkopo unapokuwa mgumu kwa asiye na mali, tofauti za kipato huzuia uwekezaji na kupunguza uzalishaji wa nchi nzima.

Mwenye magunia ya kutosha namshauri alitumie ghala hili bila wasiwasi. Mwenye machache aulize kwanza iwapo wanakikundi wanaruhusiwa kuunganisha mizigo yao kwa stakabadhi moja, kwa kuwa ombi hilo lilikuwa bado halijajibiwa nilipochukua mzigo wangu.