Fundi wa Ngamiani aliyeitafuta harufu kabla ya kunitajia bei

Kila Jumamosi naenda Muheza kufuata machungwa ya biashara yangu ya juisi hapa Chumbageni, Tanga mjini. Gari ni Toyota IST, viti vya nyuma nimevilaza, magunia mawili matatu yanaingia. Siku moja narudi, nakaribia Pongwe, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Inakuja, inapotea. Ikija inajaa gari zima, hata machungwa yaliyo mgongoni kwangu siyasikii tena.

Gereji ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Waliinama upande wa tairi la mbele, wakasema breki. Nikatoa 85,000, pedi mpya na ufundi. Kesho yake harufu ileile, na juu yake taa ya betri ikawa inawaka na kuzima. Kurudi kwao naambiwa sasa ni kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, nilete 350,000 wanitafutie ya mtumba. Hizo ni hela za machungwa ya wiki nyingi. Nikaomba funguo zangu nikaondoka.

Jirani yangu mwenye Noah ndiye aliyenipeleka Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mwembe. Hana kibao, hana benchi la mteja, na ukitaka risiti anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Nayasema haya mapema ili anayetaka sehemu ya kukaa na kiyoyozi ajue. Mimi nilikalia ndoo.

Lakini huyu kijana alianza kwa kuuliza. "Mama, harufu inakuja ukikanyaga breki, au hata gari likiwa limesimama? AC ukiizima inapungua? Asubuhi ukiwasha kuna mlio?" Nikajikuta najibu mambo ambayo nilikuwa nayaona kila siku bila kuyaunganisha. Ndiyo, kuna mlio mkali asubuhi. Ndiyo, gari likisimama harufu ipo, na AC ikiwashwa inazidi.

Akatuzungusha mjini kidogo, tuliporudi akapitisha kiganja karibu na rimu zote nne bila kuzigusa. Breki inayong'ang'ania, akasema, rimu yake inakuwa ya moto kuliko wenzake. Zote zilikuwa sawa. Akaingia chini kutazama ekzosi, maana mfuko wa nailoni ukinasa pale nao unanuka hivyohivyo, na oili ikidondokea bomba la moto inatoa harufu nzito na moshi. Hakukuta kitu. Akaniambia na jambo la kushika: harufu ikiwa kali ya plastiki, kama ya waya, nisiendelee hata mita kumi, nizime gari nichomoe betri.

Ndipo akafungua boneti. Akanionyesha unga mweusi uliotapakaa pembeni ya mkanda wa mpira unaozungushwa na injini, kama masizi ya chungu. Akazima injini, akalegeza altaneta, ile inayochaji betri, akautoa mkanda. Upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama umepakwa lami, na nyufa ndogondogo zimeukata kwa upana. Kisha akazungusha puli, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, moja moja kwa mkono. Ya altaneta laini. Ya pampu ya maji laini. Ya kompresa akaniambia, "Shika mwenyewe." Nikaizungusha. Ilikuwa inakwaruza kama ina mchanga ndani, halafu inagoma.

Basi huo ndio ugonjwa. Beringi ya puli, ile pete ya ndani inayoifanya izunguke laini, imekufa, puli haizunguki vizuri, mkanda unateleza juu yake hadi unaungua. Na kwa kuwa kwenye IST mkanda huohuo mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji, ndiyo maana taa ya betri ilikuwa inanikonyeza. Ungenikatikia porini kati ya Muheza na Pongwe, maji yasingezunguka na injini ingechemka.

Kompresa yenyewe ilikuwa nzima. Akatoa puli, akagonga beringi ya zamani ikatoka, akasoma namba iliyochongwa ubavuni, akanipa nikanunue mwenyewe. Mabomba ya gesi hayakufunguliwa, kwa hiyo hata gesi sikujaza. Beringi 30,000, mkanda mpya 25,000, ufundi 40,000. Jumla 95,000, pungufu sana ya ile 350,000, na spea za zamani alinikabidhi mkononi.

Yapo yaliyonikera. Beringi ya kwanza dukani walinipa yenye namba tofauti, gari likalala kwake usiku mmoja, na simu yake aliipokea mara ya nne. Mmoja wa vijana wake aliacha grisi kwenye kiti cha dereva, imenichukua sabuni ya unga na nusu saa. Ijumaa usimfuate mchana, mpaka watoke msikitini.

Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mkanda mpya hulegea kidogo na gari hili halina kitu cha kuukaza wenyewe. Nilirudi nikitoka Muheza, mzigo ukiwa bado ndani. Akaubonyeza kwa dole gumba, akalegeza bolti ya altaneta, akaivuta kidogo, akakaza. Nikamuuliza ni kiasi gani. "Mama, hiyo ni kazi ileile, ulishalipa." Nikamhesabia machungwa kumi, yeye na vijana wake wakayala palepale chini ya mwembe.