Kazi imekwisha, grafu yasema bado

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nisomeni hivyo hivyo. Programu hii ya kupanga sprinti, yaani vipindi vya kazi vya wiki mbili mbili, tunailipia kila mwezi hapa Nyali, tena kwa dola, na juzi imetuaibisha mbele ya mteja.

Ubao wetu ulikuwa na safu nne: Bado, Inafanywa, Inajaribiwa, Imekamilika. Mteja, wakala wa mizigo kule Kilindini, akataka aone kazi zilizokwisha kuingia kwenye seva yake. Tukaongeza safu ya tano kulia, Iko kwa Mteja. Kosa letu ni hilo tu. Programu haijali safu inaitwaje. Inahesabu pointi, yaani namba za ukubwa wa kila kazi, za safu ya mwisho kulia peke yake. Kadi za kazi zijae kwenye Imekamilika, zimejaribiwa na kukaguliwa, kwake ni sifuri. Ni sawa na kusema abiria aliyeshuka feri ya Likoni hajavuka mpaka afike kwao Ukunda.

Sprinti mbili za nyuma tulimaliza pointi 31 na 29. Ya tatu tukamaliza 30, ila zilizokuwa zimefika kwa mteja ni 6. Grafu ya kazi iliyobaki, inayotakiwa kushuka, ikanyooka kama uzi karibu wiki mbili zote, na wastani wa kasi, yaani pointi tunazomaliza kwa sprinti, ukaporomoka kutoka 30 hadi 22. Kazi iliyobaki ni pointi 120. Kwa 30, ni sprinti 4, wiki 8. Kwa 22, sprinti 5 hazitoshi, zinakuwa 6: wiki 12. Na ripoti hujituma yenyewe, mteja akaipata kabla yetu. Mwezi mzima umezaliwa na safu moja!

Hata hilo ningelimeza. Lakini huduma kwa wateja, lo! Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Sistimu iko sawa, labda timu yenu haijazoea Scrum." Tiketi ikafungwa. Haijazoea? Scrum ndiyo huu mtindo wa kufanya kazi kwa sprinti, na Mwongozo wa Scrum wa 2020 hautaji pointi popote, na maana ya "imekamilika" unaiacha kwa timu au kampuni yake, si kwa aliyechora ubao.

Dawa tumeitafuta wenyewe. Ingia mipangilio ya ubao, futa safu ya tano, kisha hali zote mbili za kadi, Imekamilika na Iko kwa Mteja, uziweke ndani ya safu moja ya mwisho. Mteja atachuja kwa hali. Grafu ikajirekebisha papo hapo, hata ya sprinti iliyopita. Dakika tatu! Yule bwana alishindwa nini kusema?

Haya, programu nayo niipe haki yake: upande wa kukadiria pointi za kazi ni mtamu. Kila mtu anachagua karata, 1, 2, 3, 5, 8 au 13, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka zifunuliwe pamoja. Mmoja akitoa 2 na mwingine 13, hao wawili ndio wanaojieleza, kisha mnatoa upya. Hapo ndipo inapofichuka kazi aliyoisahau mwenye 2, kama vile kuhamisha data ya zamani. Kwa ajili ya karata hizo nilikuwa nimeshaweka nyota nne.

Nikalisoma tena lile jibu. Mbili. Na ripoti ya wiki 12 bado imekaa kwenye barua pepe ya mteja, hakuna kitufe cha kuirudisha. Moja.